Orodha Niliyomwandikia Kusiima

Umekuja na doa la wino kwenye kola ya shule,
umeegemea meza yangu hapa maktabani Hoima,
unataka, Adyeri, "wafalme, na vile watu waliishi zamani",
kana kwamba hayo ni mambo mawili
yaliyokutana rafuni kwa bahati.

Haya. Chukua kalamu.

Anza na kile cha jalada jekundu, kule juu.
Panda kiti, lakini shika ukuta; mguu mmoja haujakaa sawa.
Humo wafalme wamepangwa kama mahindi kwenye gunzi:
baba kamwachia mwana, ndugu kampindua ndugu,
ngoma imelia, ngoma imenyamaza.
Mchwa wametoboa katikati.
Yuko mfalme anayekalia kiti ukurasa wa sitini na mbili,
ukifika sabini amekwishazikwa;
utawala wake wote umeliwa.
Usicheke.
Kuna walioliwa na waandishi, na hatuoni hata tundu.

Cha pili ni cha msafiri, mgeni kutoka mbali.
Msome kwa jicho moja.
Alikaa siku kumi na tisa, kumi na moja akitetemeka kwa homa,
na bado akajua tabia zetu zote.
Ila alikuwa na njaa,
na njaa haijui kujipamba.
Kila alichopewa alikiandika:
uji wa ulezi, kunde, uyoga uliokaushwa,
maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi,
na mama mmoja aliyemnyang'anya bakuli
kwa sababu alikula amesimama.
Maoni yake yaruke. Kula chakula chake.
Yule mama msome mara mbili.

Cha tatu si kitabu hasa.
Ni karatasi zilizobanwa kwa pini yenye kutu,
nakala ya nakala ya hesabu za kodi ya ikulu.
Watoto hawakiazimi, hakina picha.
Magome ya kuvaa, mafungu tisa.
Majembe, ishirini, mawili yamevunjika.
Kisha, ukurasa wa arobaini, mstari wa chini:
*Kutoka Kibiro, chumvi, mizigo thelathini. Walioleta: wanawake.*

Basi. Nukta.
Hapo nilikwama miaka sita, Adyeri.
Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kibiro,
na shamba lake la chumvi alirithi kwa mamaye,
naye kwa mamaye, huko nyuma hadi kwenye nukta ile.

Mwaka juzi nilishuka ule mteremko kwa miguu,
magoti yakinitukana kila jiwe,
Mwitanzige likimetameta chini kama bati jipya.
Nilimkuta Kabatalya ameinama, anakwangua udongo,
anauchuja, anapeleka maji kwenye chungu, anachochea kuni.
Nikatoa daftari langu kama mtu wa maana.
Nikamuuliza: mzigo mmoja, siku ngapi?

Hakuinua kichwa.
"Za mvua au za jua?
Na mtoto mgongoni, au bila mtoto?
Na kuni unazo, au ndio kwanza unapanda kuzitafuta?"

Nikafunga daftari.
Nilikuwa nimebeba swali la karani.

Thelathini. Tangu siku ile siwezi kulisoma neno hilo haraka.
Nalisoma na mgongo.

Hivyo ndivyo vitabu vyako vitatu.
Wiki mbili. Ukichelewa, shilingi mia mbili kwa siku,
hata ukiwa wa ukoo wa nani.
Chekundu usikiweke jikoni.
Kile cha msafiri usimpe mjomba wako,
atabishana nacho pembeni kwa kalamu.

Na hiki kifurushi cha jani la mgomba nilichochomeka kwenye karatasi za pini
si alamisho tu.
Ukifika arobaini, kifungue.
Lowesha kidole, onja,
halafu ndiyo ugeuze ukurasa.